Chuo cha Umma cha Jiji: Maombi, Ada na Masomo katika CUNY

Chuo Kikuu cha Jiji la New York, kinachojulikana zaidi kwa kifupi chake CUNY, ni mtandao wa vyuo vya umma vilivyotapakaa katika wilaya tano za jiji hilo: Manhattan, Bronx, Brooklyn, Queens na Staten Island. Wanafunzi zaidi ya 200,000 husoma humo kila mwaka, na wengi wao ni wahamiaji au watoto wa wahamiaji. Mwombaji anayetafuta shahada ya kwanza hukutana na aina mbili za vyuo. Vyuo saba vya jamii, kama vile Hostos, LaGuardia, Kingsborough na BMCC, hutoa shahada ya miaka miwili iitwayo asosieti. Vyuo vya miaka minne, kama vile City College, Hunter, Lehman, Baruch, Brooklyn na Queens, hutoa shahada ya kwanza, na vichache kati ya hivyo hutoa zote mbili.

Ada ya vyuo hivi ni ndogo kwa sababu sehemu kubwa ya gharama hubebwa na jimbo na jiji kwa kodi za wakazi. Unafuu huo, basi, ni haki ya mkazi. Lakini ni haki inayodaiwa kwa hati, kwa fomu na kwa kufuata tarehe. Familia nyingi za wageni hupoteza maelfu ya dola bila kukosa sifa yoyote. Kinachowaponza ni cheti kilichochelewa, fomu isiyojazwa, au somo lililoachwa katika wiki isiyofaa. Kwa hiyo anayetaka kusoma kwa bei nafuu anahitaji kuujua mfumo mapema, kabla ya muhula kuanza.

Historia kwa ufupi

Mzizi wa CUNY ni shule ya juu iliyoitwa Free Academy. Ilianzishwa mwaka 1847 kwa kura ya wananchi wa New York, baada ya kampeni ya mfanyabiashara Townsend Harris aliyetaka watoto wa maskini na wa matajiri wasome pamoja bila ada. Shule hiyo ndiyo City College ya leo, iliyohamia kilimani Harlem mwaka 1907. Chuo cha Hunter kilianzishwa mwaka 1870 kuwafundisha wanawake kazi ya ualimu. Vyuo vya umma vya jiji viliunganishwa kuwa CUNY mwaka 1961.

Mwaka 1969 wanafunzi Weusi na wa asili ya Puerto Rico waliifunga City College wakidai milango ifunguliwe kwa vijana wa mitaa yao. Mwaka uliofuata sera ya kumpokea kila aliyehitimu sekondari jijini ilianza kutumika. Ada ilikuja mwaka 1976, jiji lilipokuwa limeishiwa fedha, baada ya takriban miaka 130 ya masomo ya bure.

Miongoni mwa waliopitia City College ni Jonas Salk, aliyetengeneza chanjo ya polio; jenerali Colin Powell, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika; na Andrew Grove, mkimbizi kutoka Hungaria aliyehitimu mwaka 1960 na baadaye akaiongoza kampuni ya Intel.

Ada na ukazi

Katika mwaka wa masomo 2024/25, mkazi anayesoma muda wote katika chuo cha miaka minne alilipa dola 3,465 kwa muhula, yaani dola 6,930 kwa mwaka. Katika chuo cha jamii alilipa dola 2,400 kwa muhula, yaani dola 4,800 kwa mwaka. Asiye mkazi alitozwa kwa kila krediti, yaani kizio cha kupimia masomo: dola 620 katika vyuo vya miaka minne na dola 320 katika vyuo vya jamii. Kwa krediti 30 za mwaka mmoja, asiye mkazi alilipa dola 18,600 katika aina ya kwanza na dola 9,600 katika aina ya pili. Juu ya ada huongezwa michango ya shughuli za wanafunzi na ya teknolojia, ambayo hutofautiana baina ya chuo na chuo.

Kwa kawaida mkazi ni mtu aliyeishi katika jimbo la New York kwa miezi 12 mfululizo kabla ya siku ya kwanza ya masomo, na mwenye hali ya uhamiaji inayomruhusu kuweka makazi ya kudumu. Ushahidi wake ni mkataba wa pango, bili za umeme au gesi, fomu za kodi ya mapato, leseni ya udereva na hati nyingine zenye jina, anwani na tarehe. Hapa ndipo wageni wengi hukwama. Anayeishi kwa ndugu mara nyingi hana mkataba wala bili yenye jina lake. Dawa yake ni kuanza kukusanya ushahidi mwezi wa kwanza tu baada ya kufika: kufungua akaunti ya benki kwa anwani hiyo, kupata kitambulisho cha jimbo, na kuhifadhi barua za serikali na stakabadhi za mshahara.

Anayeishi nje ya jiji lakini ndani ya jimbo, kwa mfano Yonkers au Mount Vernon, hulipa ada ya mkazi katika vyuo vya miaka minne. Akichagua chuo cha jamii, ni lazima alete hati ya ukazi kutoka kaunti yake, la sivyo atatozwa kama asiye mkazi. Aliyevuka mto akakaa New Jersey, kama walivyo Wakenya wengi wa Jersey City, si mkazi wa New York hata kama anafanya kazi Manhattan kila siku. Huyo hufaidika zaidi na chuo cha jamii cha kaunti yake, ambacho kwa Jersey City ni Hudson County Community College.

Sheria ya jimbo ya mwaka 2002 iliwafungulia mlango vijana wasio na hati za uhamiaji. Aliyesoma sekondari ndani ya New York kwa miaka miwili au zaidi, akahitimu hapo na kuomba chuo ndani ya miaka mitano, hulipa ada ya mkazi. Aliyepata cheti cha jimbo kinacholingana na sekondari naye ana haki hiyo kwa sharti lilelile la miaka mitano. Asiye na hati husaini kiapo kwamba ataomba kuhalalisha makazi yake mara atakapostahili.

Maombi

Maombi ya CUNY hufanywa kwa fomu moja ya mtandaoni, ambayo humruhusu anayeanza chuo kuchagua hadi vyuo au programu sita. Ada ya maombi kwa anayeanza imekuwa dola 65, na kwa anayehama kutoka chuo kingine dola 70. Kila mwaka huwa kuna vipindi na makundi yanayosamehewa ada hiyo, hasa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari jimboni. Tarehe ya kipaumbele kwa muhula wa mwishoni mwa Agosti kwa kawaida ni Februari 1, na kwa muhula wa Januari ni Septemba 15. Baada ya tarehe hizo vyuo huendelea kupokea maombi kadiri nafasi zilivyobaki, lakini programu zinazogombewa hujaa mapema.

Swali la msingi kwenye fomu ni kama mwombaji anaanza au anahama. Aliyesoma chuo chochote baada ya sekondari, hata muhula mmoja Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Bujumbura, ni mwombaji anayehama. Baadhi ya watu huficha masomo hayo kwa sababu matokeo hayakuwa mazuri, au kwa kudhani chuo cha Afrika hakihesabiwi. Hilo ni kosa linaloweza kufuta nafasi baada ya kupokelewa. Pia humnyima mwanafunzi krediti ambazo huenda zingekubaliwa na kumpunguzia mwaka mzima wa gharama.

Vyeti kutoka nyumbani

Chuo huhitaji matokeo rasmi ya shule na vyeti vya mitihani ya taifa. Mkenya hupeleka cheti cha KCSE pamoja na rekodi za sekondari yake. Mtanzania hupeleka vyeti vya NECTA vya kidato cha nne na, kama alifika huko, cha kidato cha sita. Mganda hupeleka vyeti vya UNEB. Mkongomani hupeleka diploma ya serikali, na kwa kuwa hati zake huwa kwa Kifaransa, ni lazima ziambatane na tafsiri rasmi ya Kiingereza. Warundi na Wanyarwanda wenye hati za Kifaransa hufuata utaratibu huohuo.

Hati rasmi kwa maana ya chuo ni ile iliyotumwa na taasisi yenyewe, au iliyofika katika bahasha ambayo haijafunguliwa. Nakala iliyopigwa picha kwa simu hutosha kuanzia tu. Cheti halisi hakiachwi mikononi mwa ofisi yoyote bila sababu, kwani kukipata kingine ni kazi ndefu. Mabaraza ya mitihani hutoa uthibitisho wa matokeo kwa ada. Lile la Kenya, KNEC, hupokea maombi hayo kupitia mfumo wake wa mtandaoni wa QMIS. Mizunguko hii huweza kuchukua wiki nyingi, kwa hiyo huanza kabla ya fomu ya chuo kujazwa. Mkimbizi ambaye shule yake iliharibiwa au kufungwa kwa vita huieleza hali hiyo kwa ofisi ya udahili kwa maandishi. Ikishindikana kabisa kupata vyeti, njia iliyobaki ni kufanya mtihani wa jimbo unaolingana na sekondari na kuingia kwa cheti hicho.

Chuo kinaweza pia kudai uthibitisho wa Kiingereza. Asiyefikia kiwango ana mahali pa kuanzia: programu ya CLIP, inayofundisha Kiingereza cha kitaaluma kwa saa nyingi kila wiki kabla ya kuanza masomo ya krediti. Faida yake ni kwamba mwanafunzi hatumii msaada wake wa serikali, ambao una kikomo, kulipia masomo ya lugha.

Msaada wa fedha

Fomu ya msaada wa serikali kuu ya Marekani ni FAFSA. Kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1 kwa ajili ya mwaka wa masomo unaofuata, na kuijaza ni bure. Raia, mwenye grini kadi, mkimbizi na aliyekubaliwa hifadhi wote wanaruhusiwa kuomba. Ruzuku kubwa zaidi ni ya Pell, ambayo hairudishwi. Kiwango chake cha juu kwa 2024/25 kilikuwa dola 7,395. Mwanafunzi wa chuo cha jamii aliyepata kiwango hicho alilipa ada yote ya dola 4,800 na kubakiwa na dola 2,595 za michango, vitabu na nauli. Katika chuo cha miaka minne ruzuku hiyo ilifunika ada na kubakiza dola 465.

Jimbo la New York lina ruzuku yake, TAP, yenye kiwango cha juu cha dola 5,665 kwa mwaka. Ufadhili wa Excelsior, ulioanza 2017, humalizia ada kwa familia zenye kipato kisichozidi dola 125,000. Masharti yake ni kukamilisha krediti 30 kila mwaka, na baada ya kuhitimu kuishi New York kwa miaka sawa na ile aliyofadhiliwa. Anayehama jimbo mapema hugeuziwa fedha hizo kuwa mkopo. Tangu mwaka 2019 wanafunzi wasio na hati za uhamiaji wanaotimiza masharti ya jimbo huweza kupata TAP na Excelsior, ila wao hujaza fomu ya jimbo iliyotengwa kwa ajili yao, si FAFSA.

Maswali ya FAFSA kuhusu wazazi huzitatiza sana familia za Afrika Mashariki. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 24, asiye na mke au mume wala mtoto anayemtegemea, kwa kawaida hutakiwa kutoa taarifa za kipato cha wazazi. Wazazi wakiwa Mombasa au Goma, kipato chao bado huandikwa, kikigeuzwa kuwa dola. Anayelelewa na mjomba au shangazi haandiki kipato cha mlezi huyo kama cha mzazi, isipokuwa amemuasili kisheria. Kama mahakama ilimpa ndugu huyo ulezi wa kisheria, au kama mwanafunzi alikuwa amefiwa na wazazi wote wawili wakati wowote tangu alipotimiza miaka 13, huhesabiwa anajitegemea na taarifa za wazazi hazihitajiki. Mzazi asiye na namba ya hifadhi ya jamii hamzuii mtoto aliye raia kuomba.

Kupokelewa na kujisajili

Barua ya kupokelewa haimfanyi mtu kuwa mwanafunzi. Ni lazima athibitishe kuwa ameikubali nafasi, afungue akaunti katika mfumo wa CUNYfirst, akutane na mshauri wa masomo na kuchagua masomo. Sheria ya jimbo humtaka mwanafunzi aoneshe uthibitisho wa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, na ajibu fomu kuhusu homa ya uti wa mgongo. Kadi ya kliniki kutoka nyumbani hufaa ikiwa inaonesha tarehe zinazokubalika. Ikipotea, kipimo cha damu au chanjo mpya humaliza suala. Usipopelekwa uthibitisho huo, akaunti huwekewa kizuizi na usajili husimama.

Shahada ya asosieti kwa kawaida ni krediti 60, na shahada ya kwanza ni krediti 120. Mwenye krediti 12 kwa muhula huhesabiwa anasoma muda wote, lakini kwa mwendo huo shahada ya kwanza huchukua mihula 10. Kwa kawaida TAP hulipa mihula minane tu, na mihula iliyotumika katika chuo cha jamii huhesabiwa humohumo. Anayetaka kumaliza kabla msaada haujakatika huchukua krediti 15 kwa muhula, au hujazia wakati wa kiangazi. TAP pia huhesabu masomo yaliyo ndani ya programu ya mwanafunzi pekee. Somo lililochukuliwa kwa kuwa ratiba yake ilikuwa rahisi huweza kumshusha chini ya krediti 12 machoni mwa jimbo, hata kama chuo kinamwona anasoma muda wote.

Kuacha somo nako kuna bei. Anayejiondoa kabla ya siku ya kwanza hurudishiwa ada yote. Ndani ya wiki ya kwanza hurudishiwa asilimia 75, wiki ya pili asilimia 50, wiki ya tatu asilimia 25, na baada ya hapo hakuna kinachorudishwa. Anayeacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita huweza kudaiwa sehemu ya Pell aliyopewa. Deni hilo humzuia kujisajili tena mpaka lilipwe. Kwa hiyo anayebadilishiwa zamu kazini au kupata msiba nyumbani huonana na mshauri kwanza, kisha ndipo huamua.

Kusoma huku ukifanya kazi

Wanafunzi wengi wa CUNY wana ajira, na vyuo vimepanga vipindi vya asubuhi, jioni na mwisho wa wiki kwa ajili yao. Hata hivyo kinachowachelewesha wengi ni uchovu na gharama ndogondogo za kila siku. Kwa sababu hiyo CUNY ilianzisha mwaka 2007 programu ya ASAP kwa wanafunzi wa asosieti wanaosoma muda wote. Huwapa nauli ya usafiri wa jiji, msaada wa vitabu na mshauri anayekutana nao mara kwa mara, na hujaza pengo la ada linalobaki baada ya ruzuku. Utafiti wa taasisi ya MDRC ulionesha kwamba baada ya miaka mitatu takriban asilimia 40 ya waliokuwa ASAP walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao. Mwombaji anayetimiza masharti yake hana sababu ya kuikosa. Huomba kujiunga mara tu anapopokelewa.

Mzazi aliyezoea kupokea ripoti ya shule hushangaa kukuta chuo hakimwambii matokeo ya mwanawe. Sheria ya Marekani huifanya rekodi ya mwanafunzi wa chuo kuwa mali ya mwanafunzi mwenyewe, na kwa kawaida mzazi huoneshwa rekodi hiyo kwa ridhaa ya mwanafunzi. Mazungumzo ya nyumbani kuhusu maendeleo ya masomo hayawezi kuachiwa chuo.

Uuguzi, na kuhama kutoka miaka miwili hadi minne

Uuguzi huvutia sana jumuiya ya Waswahili, kwani wengi tayari wanahudumia wazee na wagonjwa majumbani. Kupokelewa chuoni si kupokelewa katika uuguzi. Mwanafunzi husoma kwanza masomo ya utangulizi kama anatomia, kemia na Kiingereza, kisha hushindania nafasi chache za mafunzo ya hospitali kwa alama zake. Hapo pia hali ya uhamiaji hukaguliwa. Sheria ya New York iliyosainiwa Desemba 2017 humtaka muuguzi mpya aliyesajiliwa kupata shahada ya kwanza ya uuguzi ndani ya miaka 10 tangu kupewa leseni, kwa hiyo asosieti peke yake haimalizi safari. Anayekosa nafasi ya uuguzi hushauriwa mapema kuchagua programu nyingine ya afya, kabla msaada wake haujaliwa na mihula ya kusubiri.

Kuhama hufuata aina ya asosieti. Zile za sanaa na za sayansi, AA na AS, zimeundwa ili mhitimu aingie chuo cha miaka minne cha CUNY akiwa na krediti zake. Ile ya kazi maalumu, AAS, humwandaa mtu kwa ajira moja kwa moja, na si krediti zake zote huhamia shahada nyingine. Masomo ya msingi ya krediti 30, yaliyowekwa sawa katika vyuo vyote vya CUNY tangu mwaka 2013, hukubaliwa popote ndani ya mfumo huo. Wastani wa alama nao huweza kurekebishwa: aliyepata F, yaani aliyefeli, huweza kurudia somo. Akipata C au zaidi, F hiyo haihesabiwi tena katika wastani wake, kwa kikomo cha krediti 16 katika masomo yake yote ya shahada.

Anayekuja kwa viza ya mwanafunzi

Mwanafunzi anayetoka moja kwa moja Afrika Mashariki, Congo au nchi za Ghuba kwa viza ya F-1 hulipa ada ya asiye mkazi, na haruhusiwi kupata Pell wala TAP. Kabla ya kupewa hati ya I-20, huonesha ushahidi wa fedha za ada na za kuishi kwa mwaka. Kazi anayoruhusiwa kwa kawaida wakati wa muhula ni ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki, na ni lazima abaki akisoma muda wote. Jamaa aliyeko New York anayemwalika ndugu kwa njia hii humtendea haki kwa kumweleza hesabu yote tangu mwanzo: ada, bima ya afya, pango na nauli kwa miaka yote ya masomo, maana ada ya mkazi aliyoisikia kwa wengine haimhusu.